Mama mnyonyeshaji: Pampu gani, ya kazi gani, na nani alipie?

 

Wiki hii tuzungumze jambo ambalo aghalabu akina mama hulisema kwa kunong'ona, na akina baba hulikwepa kabisa. Nalo ni ukamuaji wa maziwa ya mama: akamue vipi, kwa kifaa gani, na mtoto anyweshwe vipi mama akiwa kazini. Baba unayesoma gazeti hili, tafadhali usiruke ukurasa ukadhani ni habari ya wanawake. Utaona mbele kuwa sehemu kubwa ya jambo hili iko mabegani mwako.

Nimesukumwa kuandika na kisa cha mama mmoja wa Buseresere, wilayani Chato. Anayeufahamu mji ule anajua umeshikana na Katoro kiasi kwamba mgeni hawezi kusema wapi unaishia mmoja na unaanzia mwingine, ingawa Katoro ni wilaya ya Geita. Ni mji wa soko. Fedha ya mpunga, ya mahindi na ya dhahabu inazunguka pale, na mwanamke aliyefunga meza yake wiki sita akirudi anakuta wateja wamehamia meza ya jirani.

Mama huyu anauza nguo za watoto. Alijifungua mtoto wa kwanza, akatimiza arobaini, na marejesho ya mkopo wa kikundi yakawa yanamsubiri. Mtoto alikuwa ananyonya vizuri, bila maji wala uji. Akashauriwa na shoga yake anunue pampu ili amwachie mama mkwe maziwa nyumbani. Akaipata kwa muuza mtumba: ile ya mpira wa duara unaobonyezwa, iliyokwisha kutumiwa na mtu asiyemjua. Akaisuuza kwa maji ya moto, akaanza kazi. Haikupita wiki mbili, mtoto akaanza kuharisha na kutapika. Kule kituo cha afya muuguzi akamwomba alete vyombo vyote anavyotumia. Walipoupasua ule mpira kwa wembe, ndani mlikuwa na maziwa yaliyoganda na kubadilika rangi, na harufu yake ilimfanya mama aangalie pembeni.

Alhamdulillah, mtoto alipona. Mama yule akaniuliza swali moja: "Sasa mwalimu, ningenunua ipi?" Nilimjibu kuwa swali hilo ni la tatu. La kwanza ni kama anahitaji pampu. La pili ni kama nyumbani kwake kuna mtu wa kumsaidia kuitunza. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu kamili.

Maziwa ya mama hayana mbadala

Ndugu msomaji, Qur'an imelizungumza suala la kunyonyesha kwa uwazi. Katika Suratul Baqara aya ya 233, Allah (s.w.) amewaelekeza akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili, kwa mwenye kutaka kutimiza. Aya hiyo hiyo ikampa baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema, na ikaweka msingi kuwa mzazi asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Maneno haya tuyaweke akilini, tutayarudia.

Wataalamu wa afya nao, kupitia Shirika la Afya Duniani, wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, bila hata maji, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hapa kwetu Tanzania utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa watoto 59 katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wananyonya maziwa ya mama tu. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonesha wamefika 64. Ni hatua nzuri, lakini maana yake ni kwamba zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu anapewa maji, uji au maziwa ya ng'ombe kabla ya wakati.

Kwa nini? Wapo wanaofuata mila, wapo wanaodhani maziwa hayatoshi. Lakini katika miji kama Buseresere, ambako mwanamke ni mfanyabiashara, mama lishe, mkulima au mponda mawe, sababu kubwa ni mama kuwa mbali na mtoto kutwa nzima. Hapo ndipo ukamuaji unapokuwa na maana, kwani unaweza kumlinda mtoto asifikie kwenye uji wa mwezi wa pili.

Je, unahitaji pampu?

Siku hizi picha za pampu zimejaa kwenye simu. Zipo za umeme, zipo za kuchaji, zipo hata za kuvaliwa ndani ya nguo. Mama mpya anaziona, anadhani asiyekuwa nayo si mama kamili. Huu ni udanganyifu wa biashara. Mama anayeshinda na mwanawe nyumbani, mtoto ananyonya vizuri na anaongezeka uzito kliniki, hahitaji pampu hata kidogo. Fedha hiyo anunuliwe dagaa, mayai na matunda.

Wanaohitaji kukamua ni hawa: mama anayerudi kazini au sokoni mtoto akiwa bado mdogo, mama wa mtoto njiti au mgonjwa asiyeweza kunyonya, ambaye anatakiwa akamue mara nane au zaidi kwa siku, usiku na mchana, ili maziwa yasikauke, mama aliyejaa matiti hadi mtoto anashindwa kushika chuchu, na mama anayelazimika kusafiri au kulazwa.

Kuhitaji kukamua, hata hivyo, si lazima kuhitaji pampu. Allah (s.w.) amempa mama mikono miwili. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na taasisi ya Cochrane na kuhuishwa mwaka 2016, yakikusanya majaribio ya nchi mbalimbali, yalionesha kuwa njia za gharama ndogo, zikiwemo kukamua kwa mkono, kuyasugua na kuyapasha matiti joto, na kumtuliza mama, zinaweza kufanya kazi sawa na pampu kubwa za umeme au hata kuzishinda katika baadhi ya mambo. Kwa hiyo kwa mama mwenye kuachana na mtoto saa chache kwa siku, rai yangu ni hii: aanze na mkono.

Namna ya kukamua kwa mkono

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Andaa kikombe chenye mdomo mpana kilichochemshwa. Keti mahali penye stara na utulivu, mfikirie mtoto wako au mwangalie akiwa amelala, kwani wasiwasi huzuia maziwa kushuka. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi na ulisugue polepole kuelekea kwenye chuchu.

Kisha weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, umbali wa kama sentimita tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, bana, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu wala usiteleze vidole juu ya ngozi. Mwanzo yatatoka matone, baadaye yataruka. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, kisha hamia titi la pili, na urudi tena. Kazi yote huchukua dakika 20 hadi 30. Ukisikia maumivu ujue unakosea. Omba muuguzi wa kliniki akuoneshe, ni kazi yake na wala si aibu.

Siku mbili tatu za mwanzo utapata vijiko vichache tu vya maziwa mazito ya manjano. Usiyamwage kwa kuambiwa ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

Ikibidi kununua, tazama haya

Wapo ambao mkono hautawatosha: mama wa mtoto njiti anayekamua mchana na usiku kwa wiki nyingi, au mwajiriwa anayetoka asubuhi na kurudi jioni siku tano kwa wiki. Hawa pampu itawapunguzia uchovu. Basi mnunuzi ayatazame mambo yafuatayo.

Kwanza, iweze kufunguliwa yote na kuchemshwa. Hili ndilo la kwanza kwa sababu ndilo linaloua. Pampu ya mpira wa duara, ile inayofanana na honi ya baiskeli, usiinunue hata ukipewa bure. Maziwa huingia ndani ya mpira, na hakuna brashi wala kidole kinachofika humo. Pia mvuto wake haupimiki, huweza kuumiza titi. Pampu ya mkono yenye mpini wa kubana ni tofauti: inafunguka vipande vipande, haihitaji umeme, na kwa mama wa kawaida wa Buseresere ndiyo ninayoiona inafaa zaidi.

Pili, kama ni ya umeme, uliza umeme ukikatika itafanyaje. Je, inakubali betri au chaji? Tazama pia kama ina kizuizi kinachozuia maziwa yasirudi kwenye mrija wa hewa na kwenye mashine. Isiyo na kizuizi hicho, maziwa yakiingia ndani ya mashine hayasafishiki tena, na ukungu huota humo.

Tatu, faneli ikutoshe. Faneli ni ile sehemu inayokaa kwenye titi. Nyingi huja na kipimo cha milimita 24, lakini wanawake hawakuumbwa sawa. Chuchu itembee ndani ya tundu bila kusuguana na kuta, na isivute nyama nyingi ya titi. Ikiuma, au ikiacha alama na michubuko, kipimo si chako au mvuto umezidi. Mvuto mkali hauleti maziwa mengi, unaleta vidonda.

Nne, vipuri vipatikane. Ndani ya pampu mna kilimi kidogo cha mpira kinachofunga na kufungua. Kikichanika, pampu inapoteza nguvu, na mama anadhani maziwa yake yamekauka. Muulize muuzaji: kilimi kikiharibika nitakipata wapi? Akibabaika, nenda duka jingine.

Tano, iwe mpya na iwe yako. Pampu ya mtu mmoja ni kama mswaki, haiazimwi wala hainunuliwi mtumba. Magonjwa hupita kwenye maziwa na damu ya chuchu zilizochubuka. Hospitali zinazo pampu kubwa zilizotengenezwa kutumiwa na wengi, lakini hata hizo kila mama anakuwa na faneli, mrija na chupa zake.

Jambo jingine, usipime wingi wa maziwa yako kwa kinachotoka kwenye pampu. Mtoto anayenyonya vizuri ni mkamuaji hodari kuliko mashine. Akikojoa vizuri mara sita au zaidi kwa siku na uzito ukapanda, maziwa yanatosha.

Usafi ni nusu ya imani

Waislamu tumefundishwa usafi kabla ya swala, na sisi ndio wa kwanza tuliopaswa kuelewa hili. Mwaka 2016 huko Marekani, pamoja na hospitali zao zote, mtoto njiti aliugua vibaya kwa vijidudu ambavyo uchunguzi ulivikuta pia kwenye pampu ya mama yake. Sehemu za pampu zilikuwa zikilowekwa ndani ya sinki saa kadhaa kabla ya kuoshwa. Mwaka 2017 mamlaka zao za afya zikatoa maelekezo maalumu ya usafi wa pampu. Ikiwa kwao ni hivyo, kwetu tunaochota maji kisimani tuzidishe tahadhari.

Kila baada ya kukamua, fungua vipande vyote vilivyoguswa na maziwa. Visuuze kwa maji safi. Vioshe kwa sabuni na maji ya moto katika beseni lililotengwa kwa kazi hiyo tu, si lile la vyombo wala la nepi, na brashi iwe ya kwake. Suuza tena. Kila siku angalau mara moja, vitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika tano kamili, ukiwa umesoma maelekezo kuwa vinavumilia. Vianike juu ya kitambaa safi vikauke kwa hewa. Usivifute kwa khanga uliyojifunga kutwa.

Maziwa yakishakamuliwa, yafunike na uandike saa. Mahali penye baridi ya wastani, isiyozidi nyuzi 25, yanakaa hadi saa nne. Kwenye joto la mchana chini ya bati muda huo ni mfupi zaidi, basi yaweke kivulini, chombo chenye kifuniko kikiwa ndani ya beseni la maji baridi, na yatumike mapema. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne, lakini friji ya umeme wa kukatikakatika usiiamini sana. Usiyachemshe jikoni. Chombo kiweke kwenye maji ya uvuguvugu. Mtoto akishaanza kunywa, yanayobaki yasizidi saa mbili.

Na anyweshwe kwa kikombe. Chupa na nyonyo ni vigumu kusafisha, na mtoto akizoea nyonyo huweza kulikataa titi. Hata njiti hunyweshwa kwa kikombe kidogo: mkalishe mgongo ukiwa wima, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, mwache alambe na kunywa mwenyewe, usimmiminie. Tanzania ina kanuni tangu mwaka 1994, zilizohuishwa 2013, zinazodhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na nyonyo. Kwa hiyo muuza duka anapokuambia pampu "imekuja na zawadi ya chupa na nyonyo", jua hiyo si zawadi.

Zebaki haichujwi na pampu

Hapa nawasemesha hasa watu wa Buseresere, Katoro, Rwamagasa, Nyarugusu na kote kwenye machimbo. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hushikwa kwa zebaki, kisha zebaki ikachomwa. Nyumba nyingi wanachoma kwenye jiko lile lile la chai, mama akiwa pembeni na mtoto mgongoni. Moshi ule hauna rangi ya kutisha wala harufu ya kukimbiza mtu, lakini ni sumu ya ubongo na figo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliohusisha akina mama wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa Indonesia, Tanzania na Zimbabwe, ulikuta baadhi yao maziwa yao yana zebaki kwa kiwango cha juu. Rwamagasa, mkoani humu humu Geita, palikuwa na mradi wa Umoja wa Mataifa miaka ya 2000 uliolishughulikia tatizo hili. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe na, inapowezekana, yakomeshwe.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mama aache kunyonyesha. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu yanaua haraka zaidi. Nasema sumu isiingie ndani ya mama. Hakuna pampu ya bei yoyote inayochuja zebaki, na wala kuchemsha hakuiondoi. Kukamua na kumwaga pia hakumsafishi mama, maana sumu iko mwilini mwake. Dawa yake ni moja: dhahabu isichomwe nyumbani, mwenye mimba na mnyonyeshaji asishike zebaki, na baba anayetoka kwenye makarasha aoge na abadili nguo kabla hajambeba mtoto. Mwenye wasiwasi amweleze mganga wa kituo chake kazi anayoifanya, asifiche. Vivyo hivyo mama anayeishi na virusi vya UKIMWI afuate maelekezo ya kliniki yake na dawa zake, asijiamulie mwenyewe kukamua au kuachisha.

Udugu wa kunyonya

Pampu imeleta swali ambalo bibi zetu hawakukutana nalo. Maziwa yamo kwenye kikombe, na mtoto wa jirani analia. Je, apewe?

Mtume (s.a.w.) alinyonyeshwa na Bi Halima, na watoto wa Bi Halima wakawa ndugu zake. Ametufundisha kuwa kunyonya kunaharamisha ndoa kama nasaba inavyoharamisha. Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, wanasema maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe yana hukumu ile ile ya titi. Kwa Shafi udugu unathibiti kwa kunyweshwa mara tano tofauti ndani ya miaka miwili. Wapo wanaosema hata mara moja inatosha.

Basi maziwa ya mama si kama chumvi, kwamba jirani anaomba na unampa bila kuuliza. Si haramu kumsaidia mtoto aliyefiwa na mama; ni jambo jema lenye thawabu. Lakini mjulishane, wapime afya kwanza, na iandikwe: nani kampa nani, mara ngapi, mwaka gani. Miaka ishirini ijayo vijana wawili wa Buseresere watakuja kwa sheikh kufunga ndoa, na karatasi ile ndiyo itakayowanusuru. Kwa sababu hiyo hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilizuia benki za maziwa ya mama katika nchi za Kiislamu, ingawa wapo wanazuoni, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi, walioruhusu. Jirani zetu Kenya walifungua benki yao ya kwanza mwaka 2019 katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi. Jambo hili linatukaribia. Masheikh wetu na madaktari wetu wakae pamoja mapema.

Na kwa wanaouliza: kukamua hakutengui udhu wala hakubatilishi funga. Maziwa ya mama ni tohara, yakidondokea nguo unaswali nayo. Mnyonyeshaji anayejihofia au kumhofia mtoto katika Ramadhani ameruhusiwa kula, amuulize sheikh wake namna ya kulipa.

Nani alipie?

Sasa narudi kwako baba. Aya ya 233 imekwisha kujibu. Matumizi ya mama anayenyonyesha yako juu yako kwa wema. Ikiwa mama anakamua ili mtoto wako asife njaa, basi pampu, sabuni, mkaa wa kuchemshia na ndoo yenye bomba ni sehemu ya matumizi hayo. Si fadhila, na wala si deni la kumkata kwenye mtaji wake wa nguo. Yule mama wa Buseresere alinunua pampu ya mtumba kwa sababu alikuwa anajificha. Aliona aibu kumwomba mumewe fedha za "mambo ya kike". Mumewe hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kuwa linamhusu.

Kisha umpe muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Wewe mwenye duka, shule au karasha uliyeajiri akina mama, hiyo ni haki yao, na muwekee chumba chenye mlango. Lakini mama wa sokoni hana mwajiri wa kumdai. Mwajiri wake ni sisi: mume anayeweza kumpelekea mtoto sokoni kwa bodaboda saa sita mchana anyonye, mama mkwe anayenawa mikono kabla ya kushika kikombe, kikundi kinachoweza kusogeza marejesho mwezi mmoja, na msikiti wenye sehemu ya wanawake ambao ungeweza kuruhusu kona yenye pazia, maji na sabuni. Haya hayahitaji mfadhili kutoka nje.

Mama yule hakununua pampu nyingine. Alifundishwa kukamua kwa mkono kliniki. Alfajiri baada ya swala anakamua kikombe kimoja cha kuacha nyumbani, na mchana mtoto analetwa sokoni, ananyonyeshwa nyuma ya pazia la khanga mbili. Mume ndiye mwenye kazi ya kuchemsha vyombo usiku. Aliponieleza hilo alicheka, akasema majirani walimshangaa wiki ya kwanza, ya pili wakaanza kuuliza wanachemsha dakika ngapi.

Ndugu msomaji, ukiniuliza pampu gani, nitakujibu: inayochemshika, iliyo mpya, inayokutosha, na baada tu ya kujaribu mkono. Ila kabla ya hiyo, mama apate wasaa, apate maji, na apate mume anayejua kuwa mtoto ni wao wawili.